Bwana Majibu

Mjomba wangu alijibu barua za malalamiko za wananchi kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakutokea mtu wa kumwambia kwamba kazi yake ina kasoro. Nilitokea mimi. Wala sikumwambia kwamba anajibu vibaya. Nilimwambia kwamba anajibu mno.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la manispaa, chumba cha mwisho, kile chenye mlango unaokwama ukilowa. Ndani mlikuwa na meza moja, makabati mawili ya chuma, chupa ya chai, kamusi iliyotoka jalada, na daftari. Daftari lile ukilibeba kwa mkono mmoja unajuta. Kila barua ya malalamiko iliyoingia, iwe ya bomba lililopasuka, ya taka zilizokaa wiki tatu au ya taa ya barabarani iliyokufa, iliandikwa humo kwa safu: namba, tarehe, jina, mtaa, kero, hali. Kisha Mjomba aliijibu. Akishaijibu alichukua rula na kalamu nyekundu, akapitisha mstari juu ya ile kero kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Jengo zima lilimwita Bwana Majibu. Alilipenda jina hilo, ingawa alijifanya halisikii.

Usije ukadhani alikuwa karani wa kujibu ilimradi. Kila barua aliisoma mara mbili, na katika kila barua alitafuta jambo moja ambalo ni la mtu yule peke yake, akaliweka kwenye jibu ili mtu ajue amesomwa. Mama mmoja aliyelalamikia mtaro aliandikiwa hivi: "Tumesikitika kusikia kwamba mama mkwe wako, aliyekuja kukutembelea kwa mara ya kwanza, alilazimika kuvuka kwa kubebwa mgongoni. Suala lako limewasilishwa kwa wahusika, nao wanalifanyia kazi. Tunakuomba uendelee kuwa na subira, nasi hatutakusahau." Yule mama alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kuja kumwona mtu aliyeandika maneno yale. Alimkuta anamenya yai. Alimshukuru, akateremka, na hakuandika tena.

Mjomba hakuoa. Alikuwa na mchumba zamani, akaolewa na mwingine, na inasemekana Mjomba alimwandikia barua ya pongezi nzuri kiasi kwamba bwana harusi aliisoma ukumbini mbele ya watu. Jumapili alikula kwetu. Mama yangu ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: vyerehani viwili, kioo cha kujitazama, na waya wa kutundikia nguo zilizokwisha. Chumba kile ndicho kilichonisomesha. Baba alikwisha kwenda zake nikiwa bado natambaa, kwa hiyo simtaji.

Sasa mbele ya mlango wetu, hatua tatu kutoka kizingitini, kuna shimo la majitaka. Miaka miwili kabla ya haya ninayoeleza, mfuniko wake ulivunjika, bomba likaziba, na maji yakaanza kupanda. Kwanza yalifika kizingitini, kisha yakavuka. Mama aliinua vyerehani kwa matofali na akaweka mbao za kukanyagia. Nguo zikaanza kunuka. Bibi harusi mmoja alirudisha gauni siku mbili kabla ya harusi, akaliweka mezani, akaondoka. Wateja walipungua mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake cha adabu, mpaka ikawa cherehani cha pili kimefunikwa shuka wiki nzima. Mama alikuwa na miaka hamsini na tisa. Chumba kile kikifa, hana mbele wala nyuma, na wote watatu tulilijua hilo.

Aliandika barua nne kwa manispaa. Zote nne zilijibiwa, tena mapema kuliko za watu wengine, kwa kuwa Mjomba aliziweka juu ya rundo. Mama aliwasomea wateja waliobaki majibu hayo. "Mdogo wangu ndiye anayejibu," alisema, nao walisikiliza huku wameziba pua.

Hakuwahi kumwambia Mjomba, teremka ukaulize. Aliona ni kumwaibisha. Na Mjomba hakuwahi kuteremka. Kwenda kwa mafundi kumwulizia dada yake aliona ni kutumia cheo, na isitoshe nakala ya kila jibu ilipelekwa karakana ya manispaa, nyuma ya jengo, ndani ya bahasha, ili mafundi wajue pa kwenda. Ndivyo alivyoamini. "Wanalishughulikia, Dada," alimwambia kila Jumapili, na hakuwa anadanganya.

Mimi niliingia pale kwa ajili ya kompyuta. Manispaa ilitaka madaftari ya zamani yaingizwe kwenye mashine, ikatafuta mtu wa kuchapa kwa miezi sita, nami nilikuwa nimemaliza chuo cha uhazili na sina kazi. Nikapewa kimeza mbele ya makabati ya Mjomba. Alinikaribisha rasmi, akanipa mkono kama hanijui, kisha akanimiminia chai.

Kwenye ile fomu ya kompyuta palikuwa na safu ambayo daftari la Mjomba halikuwa nayo: tarehe ya matengenezo. Nikaambiwa nikaazime daftari la karakana. Nikaliazima, nikaliweka kushoto, la Mjomba kulia, nikaanza kulinganisha. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kuyaweka madaftari yale mawili juu ya meza moja.

Siku ya kwanza nilidhani nimekosea safu. Siku ya pili nikadhani karakana wanaandika kizembe. Siku ya tatu nilirudia miaka mitatu yote niliyokuwa nimeichapa, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole, na hapakuwa na shaka tena. Kero zilizopigwa mstari mwekundu hazikutengenezwa. Si kwamba zilichelewa, hazikuguswa kabisa. Zilizotengenezwa ni zile chache zisizo na mstari, zile ambazo Mjomba hakuweza kuzijibu kwa sababu mwandishi hakutia jina wala anwani. Aliziita mayatima. Alikuwa akizionea haya, na kila Ijumaa aliziangalia akatikisa kichwa.

Niliteremka karakana. Mafundi sita walikuwa wamekaa kivulini wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na gari lao limeoshwa linang'aa. Msimamizi wao alikuwa mtu mnene mwenye kifua kikubwa, anaitwa Spana.

"Habari za kazi," nikasema.

"Kazi gani, binti? Unajionea mwenyewe."

"Mbona hamwendi mitaani?"

"Tumeshakwenda. Jumatatu mmoja wetu anapanda huko juu, ananakili mistari iliyo wazi, Jumatano tumemaliza. Wiki hii ilikuwa mitatu. Mji umetulia siku hizi. Kabla mjomba wako hajaja, tulikuwa hatupumziki."

"Na ile yenye mstari mwekundu?"

"Hiyo imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

Akanitazama kama anayeonea huruma elimu yangu. "Kitu kikipigwa mstari si kimefutwa? Kuna mtu amekwenda, amemaliza."

"Nani?"

Alifikiri kidogo. "Mkandarasi," akasema. "Si ndiyo mambo ya siku hizi?"

Nikamwuliza kuhusu zile nakala za majibu zinazoletwa kwenye bahasha. Alinionyesha mlango wa stoo. Zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari, rundo zima, na ya juu ilikuwa na alama nyeusi za vidole. "Tunafutia grisi," alisema. "Karatasi nzuri, inanyonya."

Nikamweleza kuhusu shimo la nyumbani. Alisikiliza vizuri tu, hata akaniuliza upana wa bomba. Kisha akasema, "Nipe namba iliyo wazi. Bila namba, askari wa getini hafungui, anayo orodha yake. Niliwahi kutoka bila namba kwenda kumsaidia shemeji yangu, nikaandikiwa onyo. Mjomba wako ndiye aliyeliandika. Barua ya heshima kweli kweli. Nilipomaliza kuisoma nilitaka kupanda nikamshukuru."

Nilipanda ngazi kurudi. Nilitegemea kusikia hasira na sikuisikia. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimechapa namba elfu kadhaa, na katika hizo nne zilikuwa za mama yangu, na nilipofika kwenye ghorofa ya pili nilikuwa nawaza kama chai bado ni ya moto.

Mjomba alikuwa katikati ya barua. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sentensi fupi, nikamwekea madaftari yote mawili mbele yake, nikamwonyesha.

"Umehakikisha?" aliuliza.

"Mara tatu."

Aligeuza kurasa kwa muda. Alisimama kwenye ukurasa wenye yule mama wa mama mkwe, akasimama tena penye barua ya pili ya Mama. Kisha akayasogeza madaftari pembeni, akavuta karatasi yake, akamalizia sentensi aliyokuwa ameiacha. Ilikuwa ikiishia na neno "subira". Akatia saini. Alimimina chai, ikapoa mbele yake, na saa kumi alifunga ofisi akaenda nyumbani. Kesho yake alikuja saa moja na nusu kama kawaida, akajibu barua ishirini.

Nilimshauri ajibu tu, asipige mstari. Alisema Katibu kila Ijumaa huhesabu mistari, hahesabu barua. Nikamshauri amwone Katibu mwenyewe. Siku nne aliendelea kujibu barua, na siku ya tano akavaa koti, akaenda, nami nikamfuata na madaftari.

Katibu wa manispaa hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha viti. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua madaftari, akaona.

"Sasa unataka watu wasijibiwe?" aliuliza.

"Nataka mafundi wapate orodha yote."

"Kwa hiyo mistari yote iwe wazi."

"Ndiyo, mzee."

"Na kwenye taarifa yangu, mistari iliyo wazi inaitwaje?"

Taarifa ile aliiandika Mjomba mwenyewe. Humo mistari iliyo wazi iliitwa kero zilizopuuzwa. Ukutani nyuma ya Katibu palikuwa na tangazo lenye fremu: asilimia tisini na saba ya malalamiko hujibiwa ndani ya siku saba. Miji mingine ilituma watu kuja kulitazama.

"Ni jambo kubwa," Katibu alisema mwishoni, na nadhani alimaanisha. "Liandike. Lifuate njia yake."

Mjomba aliliandika. Aliandika kurasa mbili, akazipeleka masjala kwa mikono yake, zikapigwa muhuri, zikapewa namba. Kesho yake tarishi akaja na rundo la barua za siku, na barua ile ilikuwa ya tatu kutoka juu. Malalamiko yote yalikuja kwa Mjomba. Pengine pa kuyapeleka hapakuwapo. Aliiacha mezani siku moja, mbili, tano. Siku ya sita aliijibu. Niliichapa mimi, kwa hiyo naikumbuka: "Tumesoma hoja yako kwa makini, hasa pale unaposema kwamba usingizi umekutoka tangu ulipoigundua. Suala lako limewasilishwa kwa wahusika." Alitia saini, akachukua rula, akapiga mstari. Halafu akaikunja ile barua akaitia kwenye mfuko wa koti, kwa kuwa ilikuwa yake. Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikaacha.

Wiki iliyofuata Mama aliandika barua ya tano.

Iliandikwa kwa kalamu iliyokuwa inakaribia kwisha. Alisema maji yamefika kwenye kanyagio la cherehani, na kwamba akishona anavaa viatu vya mvua, na kwamba mteja wake wa mwisho wa sare za shule amemwambia atafikiria. Mjomba aliisoma mara mbili kama kawaida yake. Kisha aliiandika kwenye daftari, mtaa na kero tu, jina hakulitia, akaifungia kwenye droo. Hakuijibu.

Jumapili ile alikuja kula. Mama alimpakulia bila kumtazama.

"Siku hizi barua zangu hazifiki?"

"Zinafika, Dada."

"Zinasomwa?"

"Zinasomwa."

"Basi ni mimi niliyechujuka."

Mjomba alikula. Miguu yetu wote ilikuwa juu ya mbao. Angeweza kumweleza, na mimi ningeweza, lakini ukimweleza habari ya barua hii ya tano ni lazima umweleze na zile nne. Miaka miwili ya maji yale ilitoka kwenye kalamu ya mdogo wake, kwa mapenzi, na Mjomba aliona aibu isiyo na mahali pa kuiweka. Aliniambia hivyo njiani, nikimsindikiza mpaka kona. Alisema, "Naona aibu," akaendelea kutembea.

Ijumaa Katibu alikuja kuhesabu. Kwa kawaida mistari iliyo wazi ilikuwa mitatu, na mitatu aliikubali, kwani hata yeye alielewa kwamba huwezi kumjibu mtu asiye na jina. Wiki ile aliihesabu mara mbili.

"Minne," alisema.

"Wiki hii ni minne," Mjomba alisema.

"Minne inanishusha chini ya tisini na saba. Mmoja ujibiwe kabla sijatia saini." Akavuta kiti akakaa, akatoa simu yake akawa anaitazama. Hakuwa na haraka wala ukali.

Mjomba alizitoa barua nne akazipanga mezani. Ya kwanza ilikuwa ya taa ya barabarani, matusi matupu, bila jina. Ya pili ilikuwa mchoro wa jalala, mchoro mzuri tu, na hakuna hata neno moja. Ya tatu iliandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya mfuko wa unga: "Maji ya choo yameingia kibandani kwangu nyuma ya kinu cha unga. Fundi viatu." Ya nne ilikuwa ya Mama.

Aliishika ya Mama. Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi safi mbele yake. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kukataa agizo, na nilimwona anaandika tarehe. Mkono ulisimama hapo. Aliiweka chini barua ya Mama, akachukua ile ya penseli, akaigeuza huku na huku.

"Huyu angekuwa na jina," alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

"Namjua," nikasema.

Wote wawili walinitazama. Nilikuwa namjua kweli. Nilipita pale kila siku nikienda chuo. Alinishonea kamba ya kiatu mara mbili, na mara ya pili alisema nitamlipa siku nyingine, na siku hiyo haikufika. Jina lake nilikuwa nalo, na kibanda chake ningekifikia nikiwa nimefumba macho. Nilisema yote hayo. Nilisema kwamba tarishi akishindwa kupaona, nitampelekea barua mwenyewe. Nilikuwa namfikiria Mama na vile viatu vya mvua. Najua kingine nilichokifanya, sihitaji kuelezwa.

Mjomba alimwandikia fundi viatu. Alichukua muda kuliko kawaida, na Katibu alisubiri bila kunung'unika. Kisha mstari ukapigwa, Katibu akahesabu mitatu, akatia saini, akatutakia mapumziko mema.

Jumatano mafundi walikuja kwetu. Mama alikuwa anapima mtu bega aliposikia gari. Spana aliingiza vyuma vyake, wakavuta gunia lililooza na nusu ya tofali, wakazibua, wakaweka mfuniko mpya wa zege. Hawakumaliza saa moja.

"Nani kawatuma?" Mama aliwauliza.

"Namba, mama," Spana alisema. "Tumepewa namba."

Alisugua chumba kile kwa sabuni mara tatu, akafungua madirisha, akaondoa mbao, akavishusha vyerehani kutoka kwenye matofali. Ijumaa yule mteja wa sare za shule alileta kitambaa. Nilitegemea kufurahi, na nadhani nilifurahi, mahali fulani ndani. Niliona Mama anavua vile viatu vya mvua na kuvianika, nikasema vizuri, nikaenda kulala.

Jumapili Mjomba alikuja. Alisimama kizingitini akatazama sakafu kavu.

"Umeona?" Mama alisema. "Wamekuja wenyewe, bila hata barua yako."

"Nimeona, Dada."

"Miaka miwili nikikusumbua bure."

"Hukunisumbua," alisema Mjomba, akavua viatu akaingia. Mama alimpakulia nyama kubwa, kwa kuwa hasira zake hazidumu akiwa na kazi ya kushona. Mjomba aliimaliza yote.

Barua ya fundi viatu ilikuwa bado kwenye mkoba wangu. Tarishi alikataa kuibeba kwa kuwa haikuwa na namba ya nyumba, na mimi niliibeba siku kumi. Nilijiambia nangoja Mama atengenezewe kwanza. Kisha nikajiambia vingine. Jumatatu, baada ya kazi, jua lingalipo, nilipita nyuma ya kinu.

Kibanda chake kiko chini kidogo ya njia, na maji yalikuwa yametuama humo yakafika juu ya kifundo cha mguu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anashona soli, miguu yake ndani ya maji, suruali ameikunja hadi magotini. Alinitambua.

"Mwanafunzi wangu. Kamba imekatika tena?"

"Nimekuletea barua yako. Kutoka manispaa."

Aliweka kiatu chini. Alifuta mikono kwenye shati pande zote mbili kabla ya kuipokea, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu, akanirudishia. "Macho ya karibu yamechoka. Nisomee."

Nikasoma. Mjomba alikuwa amemwandikia kwamba manispaa inamfahamu kuwa ni fundi ambaye hata asiye na pesa hatoki kwake na kiatu kibovu. Hilo lilitoka kwangu, kwenye yale niliyoyasema siku ile. Alimwandikia kwamba mtu anayewasaidia wengine kutembea hastahili kukaa majini. Kisha yakaja ya wahusika, na ya subira, na kwamba hatutakusahau.

Fundi viatu aliniomba nisome tena pale panaposema habari za kutembea. Nikasoma tena.

"Mtu mzima wa manispaa," alisema, "kakaa chini, kaandika hivi. Habari zangu mimi."

"Mzee," nikasema, "nisikilize. Andika tena. Leo hii. Andika maji yameingia, taja mtaa, lakini usiseme wewe ni nani wala unafanya kazi gani. Usitie chochote cha kukutambulisha."

Alinitazama. "Kwa nini?"

"Watakuja haraka zaidi."

"Barua isiyo na mwenyewe? Kama ya mtu mwoga?"

"Mzee, hawa wakikujibu hawaji."

Uso wake ulibadilika, akawa ananitazama kama mtu niliyemtukania mgeni wake. "Binti," alisema taratibu, "nina miaka sitini na nane. Sijawahi kuandikiwa barua na serikali. Leo wamenijibu kwa heshima namna hii, halafu kesho niwaandikie tena, tena kwa kujificha, kama sina adabu? Hapana. Wameniomba subira. Subira ninayo."

Nilisema mengine, sikumbuki vizuri ni yapi. Nilitaja daftari, nilitaja mistari, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo yeye alivyozidi kutikisa kichwa kwa upole. Mwishoni aliinua mkono kunizuia, akanyoosha ule mwingine, nikampa barua yake. Alisimama, akatafuta mahali pakavu, akaichomeka juu kabisa karibu na paa, nyuma ya kopo la gundi. Kisha akakaa, akarudisha miguu majini, akaokota kiatu akaendelea kushona.